Kunuka, Kunukia na Kukolea: Uhakiki wa Mafuta ya Udi ya Kambodia

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia vitu vinavyosomwa au kusikilizwa: ushairi, riwaya, tamthilia, ngano, nyimbo za harusi. Kitu kinachopakwa mwilini asubuhi na kufifia kabla ya jua la pili kuchwa hakijapata mhakiki, kana kwamba hakina fani wala maudhui. Hata hivyo hazina ya Kiswahili katika uwanja huu si ndogo: manukato, marashi, uvumba, ubani, udi, ambari, miski, zabadi, sandali, manemane, sandarusi. Hazina ya namna hii haikukusanywa na watu waliokuwa wakinusa ovyo. Ilikusanywa na watu waliolinganisha, waliochagua, na pengine waliorudisha chupa dukani wakadai fedha zao.

Makala haya yanachukua mfano mmoja tu, yaani mafuta ya udi ya aina iitwayo ya Kambodia: mafuta mazito, yenye rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, yanayosifiwa kwa utamu wa matunda na uzito wa utomvu. Swali linaloulizwa ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, Kiswahili chaweza kuyahukumu mafuta haya kwa vipimo vyake chenyewe, au sharti mhakiki aende kwanza kuazima mizani ya Kifaransa?

Hapana budi kuanza na kitu chenyewe. Neno udi limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni mti au ubao tu. Mti unaohusika ni wa jenasi ya Aquilaria, unaoota katika misitu ya Asia, toka Assam upande wa India mpaka Vietnam na visiwa vya Indonesia. Ajabu yake ni kwamba mti ulio mzima haunukii. Ubao wake ni mweupe, mwepesi, hauna thamani kubwa. Lakini mti ukijeruhiwa na wadudu, na upepo au na panga, na kuvu ikaingia katika jeraha, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi ambao hujaza nyuzi za ubao hadi sehemu hiyo ikawa nzito. Vipande vilivyojaa sana huzama majini. Kinachonukia, basi, ni kovu. Msomaji wa Kongo ambaye hajapata kuona chetezo huenda amekutana na neno lenyewe mahali pengine: Zaburi ya 45 katika Biblia ya Kiswahili hulitaja udi pamoja na manemane na mdalasini.

Ili kupata mafuta, vipande husagwa, hulowekwa majini kwa siku kadhaa au hata majuma, kisha hupikwa katika vyungu vikubwa vya shaba au vya chuma. Mvuke hupoozwa, mafuta huelea juu ya maji, nayo huenguliwa kidogo kidogo. Muda wa kuloweka si jambo dogo. Ubao ukikaa sana majini huchacha, na mchacho huo huingia katika mafuta. Ndiyo maana mafuta ya mtindo wa India, ambayo wauzaji huyaita Hindi, hufungua kwa harufu ya zizi na ngozi mbichi, hata mgeni akadhani amedanganywa. Mafuta ya mtindo wa Kambodia hufungua kwa tunda. Inafaa kusema mtindo, si nchi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale yanayouzwa leo kwa jina la Kambodia hupikwa Thailand, kutokana na miti ya mashamba ya Aquilaria crassna. Jina limekuwa kama jina la bahari ya shairi: halisemi tena lilikozaliwa, lasema jinsi linavyokwenda. Kipimo cha biashara ni tola, yaani gramu 11.66, na wengi hununua robo yake, kwa maana kitu hiki hakinunuliwi kwa lita.

Sasa mafuta yenyewe mwilini. Mvaaji mmoja wa Lubumbashi aliyapaka mara mbili kwa majaribio, mara ya kwanza katika baridi ya Juni na mara ya pili katika joto la Oktoba, kila mara tone moja kwa kijiti cha kioo, juu ya kifundo cha mkono, bila kusugua. Kusugua hukimbiza mwanzo, na mwanzo ndio wenye mashtaka.

Katika robo saa ya kwanza hakuna anayeweza kukosea: ni tunda. Lakini si tunda bichi, wala si tunda la kwenye tangazo. Ni tende zilizopikwa hadi zikaacha umbo, ni zabibu kavu zilizolowa. Kwa mtu wa Katanga ulinganisho ulio karibu zaidi ni masuku yaliyolala siku mbili katika kikapu mvua zinapoanza, yale yaliyopasuka ngozi na kuanza kuvutia nyuki. Chini ya utamu huo pana uchachu mdogo, kama wa munkoyo uliofunikwa usiku kucha. Uchachu huu ni muhimu. Pasipo huo tunda lingekuwa pipi.

Baada ya nusu saa, tena polepole mno, tunda huanza kuingia gizani. Neno giza hapa si pambo. Utamu haupungui, ila hubadilika mahali: ulikuwa juu, sasa umo ndani ya kitu kingine kizito zaidi, chenye kunata, kinachofanana na sandarusi iliyopashwa moto lakini haijawaka, na tumbaku iliyofungwa katika jani, na asali nyeusi ya msituni. Hali hii hudumu saa tatu au nne, na hapa ndipo mafuta yanapostahili bei yake. Kisha tunda hutoweka kabisa. Unabaki ubao mkavu, mtulivu, wenye utamu wa mbali, ambao mtu huusikia tu anapoinua mkono kuandika ubaoni au kufungua dirisha.

Mhakiki aliyesoma katika Kifaransa ataharakisha kusema kwamba jambo hili limekwisha kuelezwa: manukato yana harufu za kichwa, za moyo na za chini. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini ulitungwa kwa manukato ya alkoholi, yaliyochanganywa kwa makumi ya viungo, ambamo ndimu na maua mepesi huruka kwanza na miti na tunu za wanyama hubaki. Mafuta ya udi hayakutungwa na mtu. Yametoka katika ubao mmoja. Ndani yake hakuna ghorofa tatu zenye wapangaji watatu. Yuko mkazi mmoja anayehama chumba hadi chumba akiwa na mizigo yake yote. Kuyaeleza kwa ghorofa ni kuyavunja kabla ya kuyasikia.

Madhara ya mizani hiyo huonekana katika vikaratasi vinavyofungashwa pamoja na chupa. Humo harufu hutolewa kama orodha ya majina: plamu, ngozi, moshi, tumbaku, vanila. Koma baada ya koma. Hakuna kitenzi hata kimoja. Mwalimu wa fasihi atautambua ugonjwa huu mara moja, kwa sababu ndio ule wa mwanafunzi anayehesabu tashbihi tano, sitiari tatu na takriri mbili kama ahesabuye mbuzi jioni, kisha akaweka kalamu chini bila kusema shairi limefanya nini.

Kiswahili, kwa bahati, ni lugha inayopenda vitenzi. Kwanza kabisa, harufu katika Kiswahili husikiwa. Kitenzi kusikia hutumika kwa sauti, kwa harufu, kwa ladha, kwa maumivu na kwa baridi. Ni macho peke yake yaliyopewa kitenzi chao. Wengine huliona jambo hili kuwa upungufu wa msamiati. Si kweli. Wajapani, ambao walikuza sanaa nzima ya kuchoma udi, nao husema kwamba uvumba husikilizwa, na katika sanaa hiyo vipande vya udi hupangwa kwa majina sita ya nchi na ladha tano: tamu, chachu, chungu, ya chumvi na kali. Kwao udi ni jambo zito hata la kisiasa. Kipande mashuhuri kiitwacho Ranjatai kimehifadhiwa katika hazina ya Shōsōin mjini Nara, na mtawala Oda Nobunaga alipokata kijipande chake mwaka 1574 alikuwa akionyesha uwezo wake kwa taifa zima. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika mahali pamoja kwa njia zao zenyewe: kitu kisichoshikika na kinachopita katika muda husikilizwa, kama hotuba, mpaka mwisho wake.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha hoja, kuna mzizi -nuk-. Kiswahili sanifu hutofautisha kunuka, yaani kutoa harufu mbaya, na kunukia, yaani kutoa harufu nzuri. Kimofolojia kunukia si kitenzi kingine. Ni kunuka kilichopewa kiambishi cha kauli ya kutendea. Kauli hiyo huleta mtu au mahali ambapo tendo linaelekea: kupika na kupikia, kuleta na kuletea. Kinachonuka chatoa harufu basi. Kinachonukia chatoa harufu kwa ajili ya mtu. Tofauti kati ya uvundo na manukato, kwa mujibu wa sarufi hii, haimo katika kitu. Imo katika mwelekeo. Kwa mzizi huohuo hupatikana kunusa, ambapo mtu ndiye anayekwenda kuitafuta harufu.

Katika mazungumzo ya mijini Kongo husikika zaidi kunuka muzuri na kunuka mubaya, kwa kufuata njia ya Kifaransa, ambako kitenzi ni kimoja na kielezi ndicho kinachoamua. Si kazi ya mhakiki kuwakemea wasemaji. Lugha ya mji ina haki zake. Ila hasara yafaa ipimwe. Chukua yale mafuta ya Hindi yenye zizi. Mwenye vitenzi viwili aweza kusema: yalinuka kwa nusu saa, kisha yakaanza kunukia. Sentensi hiyo moja ina historia yote ya mafuta hayo, na ina hukumu pia, maana inamtaka msikilizaji avumilie. Mwenye kunuka muzuri peke yake analazimika kuchagua upande kabla ya saa kupita. Ama yananuka muzuri, ama mubaya. Mafuta ya Kambodia huleta shida hiyohiyo kwa namna fiche zaidi, kwa kuwa uchachu wa mwanzo wake husimama juu ya mpaka wenyewe: kwa pua moja ni masuku, kwa pua nyingine ni masuku yaliyooza. Kauli ya kutendea huuliza swali sahihi, yaani yanamnukia nani.

Upotevu mwingine wa aina hii uko katika majina. Marashi, kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza, yalikuwa hasa maji ya waridi yanyunyizwayo kwa mrashi. Udi na ubani hufukizwa. Mafuta hupakwa. Vitenzi vitatu, namna tatu za kuufikia mwili: matone, moshi, ngozi. Leo marashi limekuwa jina la vyote, na Lingala ina malasi kwa maana hiyohiyo pana, neno ambalo umbo lake ni vigumu kulidhani kuwa sadfa. Anayesema kwamba amejipaka marashi ya udi amekwisha changanya vitu vitatu kabla ya kufungua chupa, na ndivyo wauzaji wapendavyo.

Hapa pana jambo lenye kuhitaji haki. Tangu kampuni ya Yves Saint Laurent ilipotoa M7 mwaka 2002, na wengine wakafuata, jina la udi limesambaa katika maduka ya dunia nzima, na vingi vya vitu vinavyobeba jina hilo havijawahi kuugusa mti wa Aquilaria. Hutengenezwa maabara. Si kosa kutengeneza harufu maabara, wala si kosa kuchanganya. Mchanganyiko wa udi, waridi, zafarani, sandali na miski ni sanaa ya kale katika nchi za Kiarabu, yenye mabingwa wake. Kosa ni jina. Na mafuta ya mtindo wa Kambodia ndiyo yanayoibiwa jina kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwanzo wake ni mtamu na utamu huigizwa upesi. Tone la harufu ya stroberi ndani ya mafuta mazito meusi, na mnunuzi aliyenusa kwa sekunde mbili mlangoni mwa duka ameridhika.

Vipi basi mtu atajua? Si kwa kunusa chupa, bali kwa kuyavaa, na kwa kitenzi kimoja ambacho wapishi hukitumia kila siku: kukolea. Chumvi hukolea katika mchuzi, nazi hukolea katika wali. Kitu kilichokolea hakionekani tena peke yake, ila kipo kila mahali. Katika mafuta ya kweli tunda hukolea katika utomvu. Saa moja baada ya kupaka, mvaaji hawezi tena kusema hapa ni tunda na hapa ni utomvu. Katika mafuta ya bandia tunda huelea. Lipo juu asubuhi, lipo juu adhuhuri, halijabadilika hata kidogo, na chini yake utomvu unakwenda njia yake kama abiria wawili wa basi moja wasiojuana. Kisha, ghafla, tunda hukatika. Mafuta ya kweli hayakatiki.

Kwa kipimo hicho, mafuta yaliyojaribiwa Lubumbashi yamekolea. Lakini hukumu isiishie katika sifa. Katika baridi ya Juni, ngozi ikiwa kavu, yalichelewa kufunguka na yalibaki karibu na mwili, na giza lake la katikati lilikuwa na heshima isiyo na kelele. Katika Oktoba mambo yaligeuka. Joto liliuinua utamu wote kwa pamoja, ukahanikiza chumba, na kabla ya saa ya pili kwisha ulikuwa umeanza kukinaisha. Wenzake mvaaji walifungua madirisha bila kusema neno, jambo ambalo nalo ni uhakiki. Aidha, mwisho wake ni mwembamba ukilinganishwa na wa mafuta ya Hindi, ambayo huanza kwa kuudhi na kumalizia kwa ukuu. Ya Kambodia hupendwa upesi na hudai machache. Mwenye kuyaweka juu ya mengine yote kwa sababu hayakumtisha mwanzoni ametoa hukumu ya robo saa.

Kuna wajuzi wanaodharau kila mafuta ya mashamba, wakisema kwamba kipimo ni mafuta ya zamani, ya miti mikongwe ya porini. Hoja hiyo haifai kukubaliwa bila masharti. Aquilaria malaccensis iliingizwa katika orodha ya pili ya Mkataba wa CITES mwaka 1995, na jenasi nzima ikafuata mwaka 2005, kwa kuwa wakataji hawawezi kujua kwa macho ni mti upi wenye utomvu na walikuwa wakiangusha mizima pamoja na iliyojeruhiwa. Mti wa shamba hutobolewa kwa makusudi na kutiwa kuvu; hungoja miaka michache, si miongo. Utomvu wake ni mchanga, na huenda sehemu ya utamu wa matunda unaopendwa katika mtindo huu ni utamu wa ujana huo. Kuyapima mafuta ya shamba kwa kovu la miaka mia ni kama kuipima hadithi fupi kwa urefu wa utenzi. Yapimwe kwa kile yanachokusudia: tunda lililoiva kupita kiasi likizamishwa gizani kwa muda wa asubuhi moja. Hilo yanalifanya, na yanalifanya vizuri, mtu akijizuia kwa tone moja.

Lipo tone jingine, ambalo halikupangwa katika majaribio. Katika kupaka mara ya pili kijiti kiligusa ukingo wa mkono wa shati. Mwilini mafuta yalikuwa yamekwisha jioni. Shatini, siku ya nne, yalikuwa yangali yananukia, na pale tu, kwenye nguo, tunda lilikuwa bado halijamezwa.